Nyota Ibaki Nyota: Ushauri Wangu kwa Wanaooka Biskuti za Kukata

Msomaji mmoja ameniandikia akinieleza kwamba alikata biskuti za sukari za umbo la nyota kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, akazipanga vizuri kwenye trei, akaziingiza katika oveni akiwa na matumaini makubwa, na muda mfupi baadaye akatoa vipande bapa vya duara vilivyoshikana pande zote. Aliambatanisha na picha. Nimempenda kwa hilo, maana wengi wetu huonyesha kazi iliyofanikiwa tu, na iliyoharibika tunaitupa kimyakimya, ilhali wahenga walishatuambia kwamba mficha uchi hazai. Mwishoni mwa ujumbe wake aliongeza kuwa wifi yake, alipoziona zile biskuti, alimwambia mbele ya watu kwamba hana mkono wa kuoka, na kwamba tangu siku hiyo hajagusa unga.

Ningeweza kumjibu kwa mistari michache, lakini nimeona ni heri nijibu kwa kirefu ili na wengine wafaidike, kwa sababu maneno hayo ya mkono wa kuoka nami niliwahi kuambiwa, na yaliniuma kwa muda mrefu. Najua pia kwamba wengi mnaosoma makala zangu mna ndoto ileile niliyokuwa nayo mimi: kuoka nyumbani biskuti zenye kingo kali na uso ulionyooka, zinazopambika zikapendeza, na ambazo siku moja mtu atawaomba mmuuzie. Kwa hiyo nasema tangu mwanzo jambo ambalo ningependa kuwa nimeambiwa zamani zile. Umbo la biskuti halitokani na kipaji. Linatokana na ubaridi wa donge, na kulibaridisha donge ni kazi ambayo yeyote mwenye friji anaiweza.

Nilianza kazi hii nikiwa msaidizi wa fundi mmoja wa keki, mwanamke hodari ambaye wateja walikubali kumsubiri hata kama kazi ni ndogo. Nilimwita Mama, kwa heshima na kwa mapenzi. Nilimwoshea vyombo, nikamchekechea unga, nikampangia masanduku, na siku aliponikabidhi karatasi yenye resipe yake ya biskuti za kukata nilijihesabu kuwa nimeshahitimu. Karatasi ile ilitaja vikombe 3 vya unga, kikombe 1 cha sukari, siagi, yai, vanila na chumvi kidogo, kisha ikasema changanya, sukuma, kata, oka. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu friji.

Niliifuata neno kwa neno, na biskuti zangu zikatanuka. Malaika walipoteza mabawa, herufi zikaziba matundu yake, na mioyo ikawa kitu kisicho na jina. Za kwake, zilizotoka katika oveni ileile na kwa resipe ileile, zilikuwa na pembe ambazo ungeweza kuzipima kwa rula. Nilipomuuliza sababu, alicheka, akaniambia kwamba kuoka ni mkono, na mkono haufundishwi. Siku nyingine alilirudia neno hilo mbele ya mteja, akinionyesha kwa kidevu, na yule mteja akanitazama kwa huruma. Anayetaka kujua kwa nini mpaka leo nikiusikia msemo huo siwezi kunyamaza, sababu yake ndiyo hiyo.

Niliyokuja kuyafahamu baadaye, kutoka kwa mwenzangu aliyebaki naye baada ya mimi kuondoka, ni haya. Fundi yule alikuwa analiandaa donge lake jioni, sisi tukiwa tumeshakwenda zetu. Analisukuma likingali laini katikati ya karatasi mbili za kuokea, na analilaza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi tulipoingia tulikuta biskuti zimeshakatwa na kupangwa kwenye trei. Mimi nilikuwa ninachanganya, ninasukuma, ninakata na kuoka papo kwa papo, naye alikuwa ananitazama nikifanya hivyo, huku akijua fika mwisho wake. Karatasi aliyonipa haikuwa na uongo ndani yake. Ilikuwa imepunguzwa.

Nilipopata oveni yangu mwenyewe, ndogo lakini yenye kioo kizuri mlangoni, nilifanya jaribio ambalo namshauri kila mwokaji alifanye walau mara moja. Nilichanganya donge moja, nikaligawa sehemu mbili zilizo sawa kwa mizani. Sehemu ya kwanza niliisukuma na kukata nyota papo hapo, jikoni kukiwa na joto lake la kawaida. Sehemu ya pili niliisukuma vilevile, kwa unene uleule, nikaiweka kwenye friji mpaka ikakauka kuwa ngumu, ndipo nikaikata kwa kikatio kilekile. Kisha nikazipanga nyota za aina zote mbili kwenye trei moja, laini upande wa kushoto na baridi upande wa kulia, nikawasha taa ya oveni, nikavuta kigoda na kukaa mbele ya kioo.

Mwanzoni zilionekana pacha. Kisha uso wa nyota za kushoto ukaanza kung'aa, mafuta yakijitokeza juu, na kingo zake, ambazo zilikuwa zimesimama wima, zikaanza kulegea kwa chini na kufanya mguu mdogo uliotambaa kwenye karatasi. Ncha zilivutwa kuelekea katikati, mabonde kati ya ncha yakajaa, na nyota mbili zilizokuwa jirani zikagusana, zikashikana. Upande wa kulia kingo zilibaki zimesimama. Nazo zilipata mng'aro, lakini kwa kuchelewa, na haukukaa. Uso ulivimba kidogo sana, ukatulia, ukawa mkavu usio na mng'aro wowote, na ncha zote tano zikawa bado pale. Lilikuwa donge lilelile, na mikono iliyolifanya ilikuwa ileile. Nilitoka jikoni siku ile nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja.

Maelezo ya jambo hili si magumu, na nawasihi myaelewe badala ya kukariri, kwa kuwa mwenye kuelewa sababu hatababaishwa na resipe yoyote iliyopunguzwa. Siagi ya kawaida ina mafuta yapatayo asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Mafuta hayo huanza kulainika kwa joto la jikoni tu, na yakifika nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi huwa yameyeyuka kabisa. Oveni imewashwa kwa nyuzi 175. Maana yake ni kwamba ndani ya oveni kuna mashindano: siagi inakimbilia kuyeyuka na kulivuta umbo zima chini, huku protini za yai na unga zikihitaji joto kubwa zaidi, na kwa hiyo muda mrefu zaidi, ili zikaze na kulishika umbo hilo. Donge lililoingia likiwa vuguvugu limeshampa siagi ushindi kabla ya mlango kufungwa. Donge lililotoka kwenye friji, likiwa na nyuzi kama 4, huichelewesha siagi, na kingo hupata nafasi ya kukauka na kukaza kabla mafuta hayajatiririka.

Kiasi ninachokitumia mimi ni hiki: gramu 225 za siagi isiyo na chumvi, gramu 200 za sukari nyeupe yenye chembe ndogo, yai 1 kubwa, vijiko 2 vya chai vya vanila, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na unga wa ngano wa kawaida gramu 375 hadi 400. Simo katika wale wanaotia bekingi pauda. Kazi yake ni kuvimbisha, na kitu kilichovimba hupanuka pande zote na kuacha uso wenye matuta, nasi tunataka kitu kitakachotoka kama kilivyoingia. Kwa sababu hiyohiyo, msitumie unga ambao kiwandani umeshachanganywa na bekingi pauda, hata kama ndio pekee uliopo kabatini. Ahirisheni kazi mpaka mpate wa kawaida.

Mtaona kwamba nimetaja gramu, na sitaomba radhi kwa hilo. Kikombe 1 cha unga uliomiminwa kwa kijiko taratibu huwa na gramu 120 hivi, na kikombe hichohicho kikichotewa moja kwa moja ndani ya mfuko na kushindiliwa kinaweza kupita gramu 150. Katika vikombe 3, tofauti inakaribia gramu 100, ambayo ni robo ya unga wote. Ukipungukiwa na kiasi hicho hata friji haitakuokoa, maana donge litakuwa na mafuta na sukari nyingi kuliko unga unaopaswa kuvishika. Fundi wangu alikuwa anachota na kushindilia. Mimi, kwa adabu niliyofundishwa, nilikuwa namimina taratibu na kusawazisha kwa kisu. Hili nalo hakuniambia. Nunueni mizani kabla ya kununua kikatio kingine chochote.

Siagi iwe imelainika kiasi cha kidole kuacha alama bila kuzama, yaani nyuzi 18 hadi 20 hivi, na yai liwe limeshatoka kwenye friji mapema. Pigeni siagi na sukari kwa dakika 1 au 2 tu, mpaka vishikane vizuri. Wengi wamezoea mafunzo ya keki, ambako siagi na sukari hupigwa mpaka zikawa nyeupe na nyepesi kwa hewa, nao huileta desturi hiyo kwenye biskuti bila kujua kwamba hewa ile itavimba ndani ya oveni kisha ishuke, na biskuti itatanuka pamoja nayo. Tieni yai na vanila, halafu unga na chumvi kwa mwendo wa polepole, na acheni mara tu unga mkavu unapotoweka. Kuchanganya kupita hapo kunaamsha gluteni, yaani ile protini ya unga inayovutika, na gluteni ikiamka biskuti hujikunja na kuwa ngumu mdomoni.

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoijali kuliko zote, na mnivumilie nikiirudia. Msilitie donge kwenye friji likiwa bonge zima. Litakuwa gumu mno kusukumika, mtapigana nalo, litapasuka, mtaliacha lipate joto ili lisukumike, na hapo faida yote ya ubaridi itakuwa imepotea. Ligaweni sehemu mbili zikiwa bado laini, wekeni kila sehemu katikati ya karatasi mbili za kuokea, na sukumeni mpaka ziwe na unene wa milimita 6. Mwenye shaka na macho yake aweke vijiti viwili vya unene huo kulia na kushoto, ili kifimbo cha kusukumia kipite juu yake na kisiweze kwenda chini zaidi. Karatasi hizo zina faida nyingine: huhitaji kunyunyiza unga mezani, na kila unga unaonyunyiza unaingia kwenye donge na kulikausha. Kisha chukueni karatasi hizo na donge lake, mziweke zikiwa bapa juu ya trei, na mzitie kwenye friji kwa muda usiopungua saa 1. Donge jembamba hupoa kwa usawa na kwa haraka kuliko bonge.

Donge likiwa tayari, ukilinyanyua karatasi linabaki limenyooka, halining'inii. Banduni karatasi ya juu, mlifunike tena kidogo, mligeuze, mbandue na ya upande wa pili, ili biskuti zisije zikang'ang'ania wakati wa kunyanyua. Chovyeni kikatio kwenye unga, kikung'uteni, kandamizeni moja kwa moja kwenda chini bila kukizungusha. Anzeni ukingoni, na kila umbo likae karibu kabisa na jingine, maana kila nafasi mnayoiacha katikati ni donge litakalorudi kusukumwa upya, na donge lililosukumwa mara nyingi haliwi na ulaini wa lile la kwanza. Mabaki yakusanyeni kwa kuyabana, si kwa kuyakanda, muyasukume kati ya karatasi, na muyarudishe kwenye friji. Sijakosea: myarudishe kwenye friji.

Na zikishakatwa na kupangwa kwenye trei, zipoozwe tena. Dakika 15 kwenye friza zinatosha, au nusu saa kwenye friji. Hapa ndipo watu wengi wananikatisha na kuniambia kwamba donge lilikuwa limeshapoozwa, kwa nini kurudia? Kwa sababu mikono yenu ni ya moto, kikatio kimepata joto, na meza nayo ina joto lake. Biskuti iliyokaa mezani ikisubiri wenzake wakatwe imeshaanza kulainika kingo, na kingo ndizo tunazozitafuta. Nimeona waokaji wanaotumia nusu siku kuchagua rangi za kupambia lakini hawana robo saa ya kusubiri trei ipoe, kisha wanakuja kulalamika kwamba resipe ni mbaya.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya biskuti za harusi, zenye herufi za kwanza za majina ya maharusi zilizokatwa kwa kutoboa katikati, kwa hiyo kila tundu dogo lilipaswa kubaki wazi ili sehemu ya chini iliyojazwa rangi ionekane. Ni kazi ya kukata tamaa kwa mtu asiyelijua donge lake. Nilizifikisha ukumbini mapema, nikazipanga mwenyewe, na mama wa bibi harusi alichukua moja akapitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa herufi, taratibu, mpaka akamaliza mzunguko wote, kisha akaniuliza ni mashine gani imekata. Nilimwambia kwamba hakuna mashine.

Miongoni mwa wageni alikuwamo yule fundi wangu wa zamani. Hatukuwa tumeonana tangu nilipoondoka kwake. Nilimwona akiikaribia meza, akachukua biskuti moja, na badala ya kuutazama uso uliopambwa, akaigeuza. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayejua: chini ya biskuti ndiko kunakoeleza kama oveni ilikuwa na joto sahihi, kama trei ilikuwa safi, kama kingo zilitambaa kabla ya kukaza. Aliitazama kwa muda. Kisha akaila yote, akajipangusa vidole, akaenda kukaa. Hakuniambia neno, nami sikulitafuta. Lakini sitadanganya kwamba jambo hilo halikunifurahisha, na sioni aibu kulisema hapa.

Ndiyo maana nawaomba wote mnaofundisha wengine, iwe kwa ada au kwa udugu, msiwape watu resipe iliyopunguzwa. Mkitaka kuiweka siri yenu, iwekeni yote na msimpe mtu chochote. Hilo ni haki yenu na hakuna atakayewalaumu. Lakini kumpa mtu nusu ya maarifa, kumwacha ashindwe, kisha kumwambia kwamba kasoro iko katika mikono yake, ni kumnyang'anya kitu ambacho hukumpa wewe. Na ninyi mnaojifunza, mkishindwa jambo, msikimbilie kujitia ila. Ulizeni donge lilikuwa na joto kiasi gani. Ulizeni unga ulipimwa vipi. Ulizeni trei ilikuwa ya moto au baridi. Maswali haya yana majibu, ilhali swali la kama una mkono au huna halina jibu wala faida.

Tukirudi kwenye oveni, iwasheni mapema, walau dakika 20 kabla, kwenye nyuzi 175, na kama oveni ina feni inayozungusha hewa ya moto, punguzeni hadi nyuzi 155 au 160. Namba iliyoandikwa kwenye kitasa si lazima iwe joto lililomo ndani. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kitawaambia ukweli, na wengine mtashangaa. Oveni yenye joto pungufu hudhuru umbo, kwa sababu siagi huyeyuka kwa raha zake huku kingo zikisubiri joto la kukaza ambalo halifiki. Wekeni trei moja kwa wakati, katikati ya oveni, na mtandike karatasi ya kuokea badala ya kupaka mafuta; juu ya trei iliyopakwa mafuta biskuti huteleza na kutambaa. Trei ya rangi nyeusi huunguza chini haraka, hivyo aliye nayo achungulie mapema. Ukubwa mmoja uende na ukubwa mmoja. Mkichanganya vipepeo vidogo na mioyo mikubwa, vipepeo vitaungua mioyo ikiwa bado mibichi.

Biskuti za upana wa sentimita 7 au 8 huiva kwa dakika 9 hadi 11. Msisubiri ziwe za kahawia. Tazameni mng'aro: ukitoweka katikati, na kingo za chini zikianza tu kubadilika rangi, zitoeni, hata kama zinaonekana laini. Ziacheni juu ya trei kwa dakika 5 zikaze kwa joto lililobaki, ndipo mzihamishie kwenye wavu wa kupozea. Na kabla ya kupanga awamu ya pili, trei ipoe kabisa. Kuweka donge baridi juu ya trei ya moto ni kulifuta kwa mkono mmoja lile mlilolifanya kwa mkono mwingine, kwa kuwa siagi ya chini itaanza kuyeyuka mkiwa bado mnapanga.

Kuhusu mapambo nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndiyo mnayoyaulizia zaidi, na huenda ndiyo sababu nayaweka nyuma. Biskuti iliyopoteza umbo haiokolewi na rangi. Aisingi ngumu ya kupambia ninaifanya kwa gramu 450 za sukari ya unga iliyochekechwa, ute wa mayai 2 na matone machache ya maji ya limau, nikiipiga mpaka inyooke na kusimama. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, ute mbichi una hatari ya bakteria wa salmonela, kwa hiyo tumieni ute uliopashwa joto kiwandani au ute wa yai uliokaushwa kuwa unga. Bakuli na mwiko visiwe na chembe ya mafuta, maana mafuta huivunja aisingi na kuizuia isishike hewa. Sehemu moja ibaki nzito kwa ajili ya kuchora mpaka, na sehemu nyingine iongezwe maji tone kwa tone mpaka ukipitisha kisu juu yake, mstari unafutika wenyewe kwa sekunde 15 au zaidi kidogo. Nyepesi kuliko hapo itamwagika ukingoni, na ikikauka itabonyea katikati. Bakuli lifunikwe kwa kitambaa kibichi muda wote, kwa kuwa aisingi hufanya ganda ikikaa wazi hata kwa dakika chache. Tumieni rangi nzito za jeli, na mkumbuke kwamba rangi hukolea inapokauka, kwa hiyo simamisheni kabla ya kufika mnapotaka. Nyekundu au nyeusi isiwekwe kando ya nyeupe kabla ya ile ya kwanza kukauka, la sivyo zitaingiliana usiku, na asubuhi mtakuta nyeupe imekuwa ya waridi. Zipeni biskuti saa 8 hadi 12 za kukauka kabla ya kuzipanga juu kwa juu au kuzifunga.

Zilizopambwa msizitie kwenye friji. Nyakati zote nimewahimiza friji, na hapa ndipo ninapowakataza: zikitolewa, unyevu wa hewa hutua juu ya aisingi, rangi zikalia na uso ukawa na madoa. Ziwekeni kwenye chombo kilichofungwa vizuri, mahali pakavu pasipo na jua, na zitakuwa njema kwa wiki moja hivi. Donge bichi ndilo la kuwekwa baridini: siku 3 kwenye friji, au hadi miezi 3 kwenye friza likiwa limeshasukumwa na kufungwa kwa nailoni tabaka mbili ili lisikauke wala kushika harufu za vyakula vingine. Unapolihitaji, lihamishie kwenye friji usiku, likiwa bado ndani ya nailoni yake, ili unyevu utue nje ya kifungashio na si juu ya donge. Asubuhi likate lingali gumu.